Moshi Juu ya Maharagi ya Mama

Kila nikipita Kalundu nikakuta akina mama wanakausha samaki kwa kuni mbichi, machozi yananitoka hata kabla moshi haujanifikia. Kwanza namkumbuka shangazi. Nilikuwa mdogo sana, Wabelgiji walikuwa bado wako, na baba alinishusha kutoka mlimani nimwone dada yake aliyeuza samaki pale bandarini. Shangazi alikuwa mnene, mcheshi, na alivaa kofia ya kiume. Kwa nini, sijui, na waliojua wamekwisha kufa. Nilipokohoa karibu na moto wake alinisukuma kwa goti.

"Weye, moshi haiko mubaya. Bila moshi, kitu yote inaoza."

Nilimwona mwongo. Kwetu moshi haukuwa wa samaki. Ulikuwa wa baridi.

Ngoja nieleze, maana watu wa ziwani ukiwatajia baridi wanafikiri upepo wa asubuhi. Sisi tulikaa juu kabisa, upande wa Rurambo. Kiangazi kikiingia, mashamba ya mteremkoni yalikauka, kwa hiyo mama alipanda maharagi bondeni, penye majimaji. Udongo ule ulikuwa mzuri, lakini baridi nayo ilipenda bonde. Ilishuka kama maji, ikalala pale, na alfajiri ulikuta majani yamekuwa meupe. Jua likiyagusa, yanageuka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Dawa yake ilikuwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Uliyapanga marundo marundo kando ya shamba, ukayawasha kabla ya kucha, na moshi ukalifunika bonde kama blanketi.

Mavi yalitoka kwa muzee Gasore, mfugaji, jirani yetu. Yeye alitupa mavi, na sisi tukishavuna, ng'ombe zake zilikula mabua. Mapatano hayo niliyakuta. Alasiri aliweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe, akatazama mbingu, akangoja aone kama majani yanatikisika. Kisha alisema tu, "Leo bonde itaungua," yaani usiku huo baridi itaunguza majani. Sikumbuki siku aliyokosea.

Ikaja ile miaka, uhuru kwanza, halafu uasi. Mimi nilisoma miaka miwili tu, msiniulize nani alipigana na nani. Najua baba alishuka Kalundu kubeba mizigo, na njia ikafungwa nyuma yake. Najua watu wa uwanda wa Ruzizi walipanda wakajificha msituni, juu ya nyumba yetu. Na najua ndege, avio kama tulivyosema, ilipita kutafuta moshi. Ilipouona ilirudi na kutupa mabomu. Wakubwa wakakataza: mutu asiwashe moto nje.

Ndugu za Gasore walikuwa wamehamisha ng'ombe mbali. Yeye alibaki na tatu, maana moja ilichechemea. Watoto wenzangu walikuwa wamehama pia. Basi nilishinda naye, tukitoa kupe. Kutwa nzima alisema labda maneno kumi, na mimi niliyahesabu kuwa mazungumzo.

Siku moja aliweka kiganja juu ya ng'ombe, akakiacha pale muda mrefu.

"Enda uulize mama yako. Niwashe, ao niache?"

Mama alikuwa anafagia. Aliposikia alikaa chini, ufagio mkononi. Mbegu yote tuliyokuwa nayo ilikuwa bondeni. Kibuyu cha mbegu kilikuwa kitupu, kimepinduliwa ukutani. "Mwambie aache," alisema. "Watu wasife sababu ya maharagi." Akanipa jani la tumbaku. Hakunituma kwa muzee hata siku moja bila jani la tumbaku. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao.

Nilitembea nalo mpaka kijitoni. Njaa nilikuwa naijua, bomu nilikuwa sijaliona. Nilihisi kama jani lile limesikia maneno ya mama na litayasema. Nikalitupa majini.

"Mama amesemaje?"

"Amesema uwashe."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu.

"Amesema vile?"

"Ndiyo, muzee."

"Haya. Rudi, baridi isikukamate."

Alfajiri bonde lilijaa moshi, na maharagi yakaamka mabichi. Jua lilipopanda, ndege ikaja. Ilizunguka mara mbili, chini sana, nikaona tumbo lake, halafu ikaenda zake upande wa ziwa. Haikutupa kitu. Lakini watu waliteremka kutoka msituni wamebeba watoto, na hofu yao ilikuwa imekwisha kugeuka hasira.

"Weye muzee, uko unaita avio?" mmoja aliuliza. "Ng'ombe zako ziko tatu tu, huogopi kitu. Sisi tuko na batoto."

"Nani alikuambia uwashe?" mwingine akadakia.

Mama alinitazama. Nilitazama miguu yangu. Nilingoja muzee anitaje, na nilikuwa nimekwisha kuanza kulia.

"Hakuna mutu," Gasore alisema. "Ni miye."

Miaka mingi niliamini nilimdanganya. Nilipopata watoto wangu mwenyewe wa kutuma, ndipo nikaiona ile mikono yangu mitupu jinsi alivyoiona yeye. Alijua mama amekataa. Aliwasha akijua, na jani la tumbaku hakuniuliza.

Maharagi yale tuliyala mwaka mzima. Mama hakuwahi kuniuliza nilisema nini. Alasiri, kazi zikiisha, hakukuwa na mtu wa kukaa naye, nikawa naweka kiganja changu juu ya jiwe na kutazama mbingu.

Asubuhi ile ya ndege Gasore hakungoja wale watu wamalize kusema. Alifungua ng'ombe zake tatu, akapita nazo kando kabisa ya shamba, akiizuia ile yenye kuchechemea kwa fimbo, isiguse hata jani moja. Akashika njia ya Mulenge, polepole kwa ajili ya ule mguu, na hakurudi tena.