Utani Ulioingia Kwenye Muhtasari

Meza yangu ya vitumbua imepakana na meza ya Baba Mulubwa, fundi viatu, pale soko la Mikomfwa, Luanshya. Mwaka wa kumi na moja huu. Jina lake la kwenye kitambulisho ni Evaristo Chikwanda, ila hilo walilitumia watu wa mgodini, na mgodi ulishamtema zamani. Sisi tunamjua kwa mwanawe, na tunamjua kwa ngoma. Timu yetu ya mpira, Makumbi Rangers, ikicheza nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa ya mashabiki, jukwaa la kaskazini, safu ya chini. Akianza, uwanja mzima unafuata. Akinyamaza, hata refa anageuka kuangalia kuna nini. Hakuwa na jambo jingine la kujivunia duniani, na alikuwa akilisema hilo mwenyewe bila kuona haya.

Katibu wa klabu ni Zakeyo Jere. Yeye ni Mngoni, Baba Mulubwa ni Mbemba, na kwetu hao ni watani. Babu zao waliuana, basi wajukuu wanatukanana. Jere alikuwa hapiti sokoni bila kusimama.

"We tumbili, leo umeshuka mtini mapema?"

"Mla panya, kaoge kwanza ndio unisalimie. Mtumwa gani anamsemesha bwana wake akiwa na mkia wa panya mdomoni?"

Mke wa Baba Mulubwa alipofariki, Jere ndiye aliyejilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na mfiwa akacheka huku machozi yanamtiririka. Sijui angeimaliza vipi siku ile bila mtani wake.

Mwaka huu viti vilianza kubaki vitupu. Kila tukipata mchezaji anauzwa, sasa watu waje kuangalia nini, nyasi? Klabu ikaita mazungumzo na mashabiki kwenye ukumbi wa zamani wa mgodi. Mbele walikaa wenye klabu wapya, wageni wawili wa ng'ambo, na Jere kando yao akiandika muhtasari na kuwatafsiria. Wao walilalamikia mahudhurio. Sisi tulisema msimuuze Kapambwe, mfungaji wetu. Wakasema kuna timu ya Dar es Salaam inamtaka. Tukazunguka hapo hapo saa mbili nzima, watu wameanza kunyanyuka na hasira zao, mpaka Jere, nadhani akitaka kupoza ukumbi, akamgeukia Baba Mulubwa.

"Haya, tumbili, sema wewe. Tukimuuza Kapambwe mtakuja, hamji?"

"Muuze hata kesho, mla panya. Ukimaliza uza na milingoti ya goli, halafu rudi uniuze na mimi. Sisi tutakuja tu. Tutaacha kuja kuicheka hiyo sura?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nalisema hili makusudi kwa sababu ya yaliyofuata. Ukiwatoa wale wageni wawili, hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuelewa kwamba Baba Mulubwa amekataa. Mtani akikuambia uza, ujue ukiuza utamkoma.

Wiki mbili baadaye Kapambwe aliondoka, na tangazo likabandikwa kwenye geti la uwanja. Lilisema klabu ilishauriana na mashabiki. Mwakilishi wao, Bw. E. Chikwanda, aliridhia mauzo ya mchezaji na kuahidi kwamba mahudhurio yataendelea. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Z. Jere, Katibu.

Mkutanoni tulikuwa kama watu sitini. Waliosoma tangazo ni mji mzima. Kufika Jumatatu Baba Mulubwa alikuwa ameshapewa jina jipya, Wakala. "Wakala, leo unamuuza nani?" Wengine walipeleka viatu vyao kwa fundi wa upande wa pili wa soko. Jumatano akaja Bupe, mwenyekiti wetu wa mashabiki.

"Baba Mulubwa, ngoma ni ya chama. Naomba niichukue."

"Bupe, ulikuwepo. Ulicheka."

"Nilikuwepo. Lakini watu wamesoma jina lako, baba. Kicheko changu hakikuandikwa."

Alimpa. Aliifuta vumbi kwanza kwa kile kitambaa chake cha rangi ya viatu, kisha akampa. Mimi nilikuwa hapo hapo nageuza vitumbua. Nafasi ya kusema ilikuwepo, tena pana, maana Bupe alinitazama mara mbili. Lakini wateja wangu wengi ni mashabiki, nikaendelea kugeuza. Naona aibu mpaka leo.

Kesho yake alifunga meza, akaenda ofisini kwa Jere kumwomba abadilishe lile tangazo. Aliporudi alinieleza yote, polepole.

"Amesema anajua ulikuwa utani. Wale wageni walimuuliza nimesema nini, akawatafsiria neno kwa neno. Wakamwambia andika hivyo hivyo."

"Si afute?"

"Akifuta watamuuliza kwa nini alitia sahihi. Ana watoto shuleni." Akachukua kiatu, akakirudisha chini. "Alinikaribisha soda. Sikuinywa."

Jumamosi ilipofika timu ilicheza nyumbani. Nilikwenda na beseni langu na nikarudi nalo limejaa, kwa sababu jukwaa la kaskazini hatukufika watu thelathini. Ngoma ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa Bupe. Hakupatikana wa kuipiga. Baba Mulubwa alikuja. Alikaa safu yake ya chini, jezi ya kijani mwilini, mikono juu ya magoti. Mimi nilikaa safu mbili nyuma yake. Kusogea zaidi nilishindwa.

Tulikuwa tumeshafungwa mawili wakati wa mapumziko, Jere alipovuka uwanja kutoka upande wa wakubwa, akaja kusimama mbele yake.

"We tumbili," alisema, lakini sauti ilikuwa ya kubembeleza. "Mbona umekonda? Matunda yameisha mitini?"

Baba Mulubwa alisimama. Akavua kofia, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akisimama mbele ya wakubwa wa mgodi.

"Habari za mchana, mheshimiwa Katibu."

Jere alicheka peke yake. Akangoja. Akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia, kisha akamrudia.

"Nitukane basi, mtani wangu. Hata kidogo."

"Siwezi, mheshimiwa," alisema Baba Mulubwa. "Utaandika."