Rubani Hapimwi

Shemeji yangu, mume wa dada, anarusha kindege cha watu wanne kwa maringo ya ndege ya watu mia nne. Juzi mchana, jua likiyeyusha lami, alijaza matangi ya mafuta pomoni, kisha akatutangazia kwamba hewa ya joto ni nyepesi, haibebi mzigo mkubwa, hivyo tupunguze kilo. Mafuta hakupunguza, na kungoja jioni hakutaka. Alitupima mimi, dada na mama kwa mizani ya bafuni, akaushusha mkoba wa mama.

"Na wewe baba, mbona hujipimi?" mama aliuliza, akikitazama kitambi cha mkwewe.

"Rubani hapimwi."

Kindege kilikimbia uwanja mzima bila kunyanyuka, kikafunga breki karibu kabisa na uzio. Shemeji akageuka, jasho likimtiririka, akamuuliza mama asubuhi alikula nini.