Nefise Akataa Kufa kwa Jina la Kupewa

Nefise alilala kitandani tangu tumbaku ilipoanikwa, na kijiji kizima kilishajua kwamba bibi anaondoka. Kifua kilimbana, chakula kilimshinda, na Gülten, mjane wa mwanawe, alishakunja sanda akaiweka juu ya kabati. Lakini bibi mwenyewe aliapa kwamba hafi ng'o mpaka arudishiwe jina lake.

Jina walimnyang'anya miaka mitano nyuma, wakati wa theluji. Askari na mbwa wao walivizunguka vijiji vya sisi Waturuki wa Bulgaria, watu wakapangwa foleni, na Dimo, karani wa kijiji, akawagawia majina ya Kibulgaria kama mtu anayegawa viatu bila kuuliza saizi. Nefise alitoka pale akiwa Nevena. Kuongea Kituruki dukani nako kukawa na faini.

Tangu siku hiyo hakuitikia. Nesi wa kliniki akiita "Nevena," yeye hutazama dari mpaka zamu yake ipite, kisha anarudi nyumbani na kikohozi chake. Ukaidi huo ndio uliomlaza kitandani, na hakuujutia hata kidogo.

Kilichomnyima usingizi ni kaburi.

"Nikishafukiwa, imamu akinisomea talakini pale kaburini, ya kunikumbusha majibu, ataniita nani?" alimuuliza Gülten. "Akisema 'Ewe Nevena,' mimi nitanyamaza. Malaika wanaokuja kumhoji maiti watadhani wamekosea nyumba."

"Mama, Mungu anakujua."

"Ananijua, ndiyo. Ila sitaki kukutana naye nikaanza na maelezo."

Matumaini yalitoka redioni. Huko Moscow wakubwa walikuwa wamelegeza kamba, na watu wakasema hadharani yale waliyozoea kunong'onezana jikoni. Nefise, ambaye maisha yake yote hakuijali siasa, sasa aliisikiliza Moscow kama mkulima anayetazama mawingu.

"Hawa wakubwa wetu wa Sofia hawavai koti mpaka waone Moscow wamevaa," alisema. "Sasa Moscow wamevua. Tuone watavumilia joto mpaka lini."

Kiangazi kile nusu ya kijiji ilivuka mpaka kwenda Uturuki. Nefise alikuwa hawezi kuvuka hata ua, na Gülten alikataa katakata kumwacha. Kisha vuli ikaja na mambo yake. Ukuta wa Berlin ukafunguka, na kesho yake tu mkubwa wa Sofia, aliyekalia kiti tangu Gülten akiwa mtoto, akang'olewa. Kabla mwaka haujaisha redio ikatangaza kwamba kila mtu yuko huru kuchagua jina lake. Gülten alipiga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Nefise alilia waziwazi, kisha akauliza nani atampeleka ofisini.

Sheria yenyewe ilipopita, alipakiwa kwenye mkokoteni wa tumbaku, punda mbele, mablanketi juu. Dimo alikuwa pale pale, meza ile ile, ila safari hii hakukuwa na askari nyuma yake. Ukumbi ulijaa. Zamu ya bibi ilipofika, ulimi wa karani ukateleza kwa mazoea.

"Nevena."

Nefise akatazama dari.

"Mama, itika tu," Gülten alimnong'oneza. "Tumeshafika."

"Niitike nini? Kuna mtu ameniita?"

Watu wakaanza kucheka. Dimo akafuta jasho, na ofisi yenyewe ilikuwa na baridi.

"Nefise," akasema kwa sauti ndogo.

"Taja na mama yangu. Ndivyo nitakavyoitwa kaburini, nataka nizoee. Mama yangu ni Emine."

"Nefise binti Emine."

"Abee!"

Kifua kile kilichokuwa hakiwezi kuzima mshumaa kilitoa sauti iliyomshtua punda nje. Ukumbi mzima ulishangilia, na wazee ambao walikuwa hawajalia hadharani siku zote zile wakalia. Dimo aliinamisha kichwa akaandika. Nefise alimtazama akiandika, herufi kwa herufi, na raha aliyoisikia hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi yake.

Jirani walimsindikiza nyumbani wakiamini kazi imekwisha. Imamu akaja, akaketi kando ya kitanda, akasafisha koo. Nefise akaomba maharage na mkate. Kesho yake akaomba tena. Theluji ilipoyeyuka alikuwa ameketi barazani akiikosoa miche ya tumbaku ya Gülten.

"Mama," Gülten alimtania, "ile sanda niifanyeje? Si ulisema ukipata jina unaondoka?"

"Nilisema sifi bila jina. Nani alikwambia nikilipata nitakufa? Irudishe ndani ya kabati. Na mwambie imamu asubiri foleni, wacha walio hai waniite kwanza."

Mpaka leo ukipita shambani ukamwita, haitiki mara ya kwanza. Masikio yake ni mazima kabisa. Anangoja umwite tena.