Msalaba Uliotoka Damu Lumemo

Hili jambo nimelificha muda mrefu, jamani, na nikilisimulia leo naomba mcheke taratibu, maana mpaka sasa nikipita Lumemo nashusha kofia usoni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nipo Kibaoni. Mzee Likongo alipofariki, mkewe, Mama Devota, aliniomba nimtengenezee msalaba wa kaburi wa stainless, usioshika kutu, kwa sababu kule Lumemo alikozikwa ardhi ina maji karibu mwaka mzima. Bomba zuri lilikuwa la kuagiza Morogoro, na mimi kusubiri sijui (hata wali huwa naupakua haujaiva), nikachukua lililokuwepo dukani. Nikaliwekea sumaku, maana mafundi wengi tunaamini stainless nzuri hainati sumaku, haikunata, nikalikata, likawa gumu mpaka jiwe la kukatia likaisha, nikajisemea hiki ndicho chuma chenyewe.

Masika yalipoingia, asubuhi moja nikaitwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya makaburi, watu wamesimama kimya, hata vyura wamenyamaza, na kwenye mikono ya msalaba, palepale nilipochomelea, michirizi myekundu ilikuwa inashuka polepole mpaka kwenye vigae vyeupe. Upepo ukipita, msalaba unaguna (niliacha tundu dogo la kutolea hewa ya moto, lakini saa ile nani alikumbuka tundu, mimi mwenyewe nywele zilinisimama).

Kastori, mdogo wa marehemu, akaniuliza mbele ya wote kama ile ni kutu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nusu ya wateja wangu walikuwa pale, nikakohoa, nikasema, "Stainless haishiki kutu. Hiyo si kutu."

Nilidhani nimeokoa jina langu, kumbe nimemhukumu mtu. Kastori akageuka, akamtazama shemeji yake, akasema kaka yake analia damu kwa kuwa yupo aliyemlisha kitu.  Ndugu wa marehemu wakakubaliana wakutane tena kesho asubuhi, na Mama Devota akishindwa kujieleza afungashe arudi kwao Malinyi.

Mchana ule nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani wa chuo cha ufundi, nikamweleza yote, tangu sumaku mpaka michirizi. Akanieleza kwamba nimenunua chuma kilichopunguzwa nikeli, ambayo ni ghali, badala yake wameweka manganizi na nitrojeni. Nitrojeni ndiyo iliyokipa ugumu ule na kusaidia sumaku isinate, na yenyewe haina kosa, hata vyuma bora vya kukaa kwenye chumvi huongezewa. Ila hiki cha kwangu kromiamu yake, ile inayozuia kutu, ni kidogo, kwa hiyo penye unyevu, hasa kwenye maungio, kinaliwa.

"Sumaku haikukudanganya," akasema. "Wewe uliiuliza swali lisilo lake."

Kesho yake nikaenda, ukungu uleule, watu walewale. Nikamwamkia Mama Devota, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, furushi la nguo liko miguuni pake. Nikawaambia watu kwamba ni kutu, chuma kilikuwa kibaya, na jana nilisema uongo kulinda jina langu.  Kastori akasema nimeshapozwa na mama kwa pesa, kisha akanyoosha kidole kwenye msalaba.

"Kama ni kutu, lamba."

Nikapiga magoti, nikalamba. Ndugu zangu, ladha ilikuwa ya damu kabisa (baadaye ndipo nikaambiwa damu nayo ina chuma ndani yake), na wakati huohuo msalaba ukaguna karibu na sikio langu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kusema. Miguu ilitaka kukimbia. Nikatoa msasa mfukoni, nikasugua mchirizi mpaka chuma kikang'aa tena, watu wakaja mmoja mmoja wakatazama, halafu mwanakwaya mmoja akacheka, wakafuata wote, na mimi bado nimepiga magoti, mdomo mwekundu kama fisi.

Kastori aliondoka bila kuaga. Mama Devota akanifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, akaniuliza taratibu, "Jana ulipata usingizi, mwanangu?"



Msalaba mwingine niliutengeneza kwa bomba la Morogoro, nikalisubiri mpaka likafika. Na tangu siku ile nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, awepo nani asiwepo nani. Mteja akitaka kuondoka aende tu.