Kurefusha Ndege ya Baba Mkwe

Katika maisha yangu nimekata ndege moja vipande vitatu, kwa msumeno wa chuma, juu ya meza ya maabara, nikiwa na akili zangu timamu. Ilikuwa ya plastiki, inazidi kidogo urefu wa rula ya mwanafunzi. Hata hivyo nilifunga mlango kwanza, kwa sababu mtu mzima anayefundisha fizikia hapendi kukutwa akifanya mambo hayo, na kwa sababu ndege ile niliikata kwa ajili ya baba mkwe wangu, ambaye sikuwa na ujasiri wa kumkosea mara ya pili.

Mara ya kwanza nilimkosea kwa kumpa ushauri mzuri. Alikuwa mkulima wa korosho upande wa Nanyamba, na macho yake yalikuwa yameanza kuzimika kutoka pembeni kuja katikati. Daktari wa Mtwara alisema ni presha ya macho, aende Dar es Salaam. Yeye alisema hana safari ya Dar es Salaam. Nikamfuata Ijumaa tatu mfululizo baada ya swala, nikamweleza kuhusu jicho kwa mchoro, ambao alikuwa hauoni vizuri, mpaka akachoka akakubali. Miaka hiyo ya tisini barabara wakati wa masika ilikuwa jina tu, kwa hiyo tukampeleka kwa ndege. Alipanda ngazi mwenyewe, akakataa kushikwa mkono.

Kule walisema ugonjwa umeshakwenda mbali. Wakafanya walichoweza. Aliporudi ilikuwa kiangazi, kwa basi, ameshikwa mkono na mpwa wake, na haoni kitu.

Hakunilaumu hata siku moja. Nilipokwenda kumsalimu alinijibu, akaniuliza habari za wanafunzi, kisha akanyamaza. Ningependa anitukane. Matusi nayaweza, nilishafundisha kidato cha pili kwa miaka sita. Ule ukimya wa heshima ndio ulikuwa unanila.

Halafu kijiji nacho kikamwanza. Wenzake barazani kwa msikiti walitaka kujua ndege ikoje, maana yeye peke yake ndiye aliyepanda. Hakuweza kuwaambia. Siku ya safari alikuwa anaona kwa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na vitu vingi vilimpita pembeni. Wakaanza utani kwamba alipakiwa kwenye basi lenye pazia akaambiwa anaruka. Utani wa kawaida kabisa, na yeye zamani ndiye aliyekuwa bingwa wa utani huo. Lakini safari hii aliinuka, akaenda nyumbani, na hakurudi tena barazani. Alikaa uani ameelekea ukuta wa jiko. Mke wangu alitoka kumwona akaniambia, "Baba anakwisha akiwa amekaa."

Jumapili iliyofuata mzee akaniuliza swali la kwanza la kweli tangu arudi.

"Nkwe, wewe ntu wa sayansi. Lile dege likoje?"

Nikamwambia ni ndefu, ina mabawa juu ya mgongo, ina pangaboi mbili.

"Kama nini?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia. Nikachukua muhogo kwenye ungo wa mama mkwe, nikachomeka vijiti, nikamwekea mkononi. Aliupapasa kwa muda mrefu.

"Huu muhogo," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tena wa siku nyingi."

Akampa binti yake akaumenye. Nikaahidi nitamletea ndege yenyewe, ndogo. Niliahidi mbele ya mke wangu, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa sababu mke wangu hasahau.

Bahati ni kwamba mwezi huohuo mhandisi mmoja wa mradi wa maji alikuwa anarudi kwao ng'ambo, akiuza vitu vyake. Watu wa mtaani kwetu Chikongola, Mtwara mjini, walikwenda kununua friji na majiko. Mimi nilirudi na katoni ya ndege za plastiki ambazo hajaziunga, na majirani wakampa mke wangu pole. Ndani yake ilikuwamo ndege ya pangaboi mbili, mabawa juu, ileile iliyokuwa ikitua Mtwara. Ila hii ilikuwa ya jeshi. Ilikuwa fupi, ina mlango mkubwa wa mizigo, na pua isiyofanana na yetu.

Ndani ya sanduku lake, chini kabisa, mhandisi alikuwa ameweka mfuko wa nailoni uliobanwa kwa pini kwenye kipande cha kadibodi, umekuwa wa manjano kwa uzee. Ilikuwa seti ya kugeuzia ndege hiyo ya jeshi iwe ya abiria. Kiwanda kilichotengeneza ndege hakikuwa na habari na abiria, basi mtu fulani huko kwao, miaka mingi kabla, aliona upungufu huo, akakaa nyumbani kwake akamimina vipande vya resini, gundi nzito inayoganda kama plastiki, rangi ya maziwa yaliyolala: pua mpya, mlango mdogo wa abiria, na pete mbili nene za kuongezea tumbo la ndege. Maelekezo yalipigwa kwa taipureta ambayo herufi yake moja ilikuwa haishuki, na mwenyewe aliijazia kwa kalamu kila mahali. Mtu huyo nilimpenda. Sijui kama alipata kitu katika kazi ile, lakini alijua kuna mtu mahali fulani anayehitaji ndege ndefu zaidi.

Maelekezo hayakusema ndege yetu ina madirisha mangapi kila upande. Yalisema yanatofautiana, mnunuzi aangalie mwenyewe. Kupiga picha uwanja wa ndege ni marufuku, kila mtu anajua, kwa hiyo nilikwenda na daftari nikasimama kwenye uzio. Askari akaja akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu nahesabu madirisha. Sasa hivi naona kwamba yapo majibu bora zaidi.

Nilifikishwa kwa mkuu wa zamu, mtu mnene mpole aliyekuwa anakunywa chai. Aliangalia mchoro wangu upande huu, akaugeuza, akaangalia tena. Nikamweleza habari ya baba mkwe tangu mwanzo, macho, basi lenye pazia, muhogo. Alisikiliza yote. Kisha akachana ule ukurasa, akaukunja akautia mfukoni, kwa usalama.

"Umeandika mangapi?" akaniuliza.

"Kumi na mawili, mzee."

"Kumi na matatu. La mwisho hulioni kwa sababu ya ngazi. Haya, andika."

Nikaandika kwenye ukurasa mwingine, yeye akinitajia.

Kwa hiyo nikafunga mlango wa maabara nikakata. Msumeno ulipita mbele ya bawa, halafu nyuma ya bawa, na ndege ya jeshi ikawa vipande vitatu ambavyo havikuwa ndege ya mtu yeyote. Nilikaa nikaviangalia. Niliogopa kweli. Kama nikiharibu hii, nitakuwa nimemwondolea yule mzee macho na ndege pia.

Pete za resini zilikuwa zimepinda kidogo kwa uzee. Nikazitia kwenye maji ya moto, zikanyooka, lakini zilipokaa mahali pake ziliacha upenyo wa kuingiza ukucha. Dawa ya kuzibia ya mhandisi ilikuwa imekauka ndani ya tyubu. Nilijua watu huchanganya supaglu na poda ya mtoto, na poda sikuwa nayo. Lakini ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na msimu huo kila nyumba ya Mtwara ina salfa, unga wa manjano wa kuzuia ubwiri, ule ugonjwa wa mikorosho, hata nyumba ya mwalimu. Nikachanganya supaglu na salfa. Ikashika, ikawa ngumu kama jiwe, nikaipiga msasa mpaka ikalainika, nikajiona fundi.

Nilipopaka rangi nyeupe, mikanda miwili ya manjano ikajitokeza kuzunguka tumbo. Nikapaka tena. Ikajitokeza tena. Mke wangu akauliza rangi yote hiyo ni ya nini kwa mtu asiyeona. Nikamwambia watu wa Nanyamba wana macho. Hata hivyo mkono wa tano wa rangi haukusaidia, na ndege ikabaki imevaa mikanda.

Karatasi za kubandika madirisha zilizokuwamo kwenye ule mfuko zilipasuka vipandevipande nilipozitia majini, kama ganda la yai. Sikusikitika. Zisingemfaa. Nilichukua sindano ya moto na tupa ndogo nikachonga dirisha mojamoja, kumi na matatu kila upande, kina cha kutosha ncha ya kidole itambue. Kazi hiyo peke yake ilikula wiki mbili, na madaftari ya kidato cha pili yalisubiri.

Tulimpelekea Jumapili asubuhi. Alikuwa palepale, ameelekea ukuta wa jiko. Nikamwamkia, nikamwekea ndege mapajani, nikarudi nyuma hatua moja kama mwanafunzi aliyekabidhi karatasi ya mtihani.

Hakuigusa kwanza. Aliinusa.

"Hii imepuliziwa?"

"Kuna salfa kidogo, baba. Kwenye viungo."

"Nchanganyo gani? Ya unga?"

"Ya unga."

"Basi ubwiri hauipati," akasema, na mke wangu akageukia pembeni akicheka. Miezi mingi tulikuwa hatujasikia utani kutoka kwake.

Kisha mikono ikaanza kazi. Ilipita mgongoni, ikakuta mabawa. "Yako juu kweli." Ikashuka tumboni, ikasimama kwenye kiungo. "Hapa pamekatwa." Nikakiri kwamba ilikuwa fupi, ya askari, nikairefusha ili na yeye aenee. Akaitika kwa koo. Akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole cha shahada, polepole, midomo ikicheza, mpaka akafika la saba chini ya bawa. Akabaki hapo.

"Nilikaa hapa."

Sikumwuliza ana hakika gani. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshuka kutoka kwenye bawa hadi kwenye injini, na kutoka kwenye injini ukakuta gurudumu. Akalishika kwa vidole viwili.

"Hili ndilo," akasema. "Nilikuwa nalitazama hili. Tulipoinuka likajikunja kama nguu wa kuku, likaingia ndani, nlango ukafungwa. Nililiona vizuri sana, nkwe. Baada ya hapo mawingu. Baada ya hapo wakanifunga bandeji."

Mke wangu aliacha kucheka.

Akalipapasa tena gurudumu, akavuta kidogo kuona kama litakunjika. Halikukunjika. Nilikuwa nimeligundisha kwa supaglu ileile.

"Mbona liko chini?"

"Ili iweze kusimama mezani, baba."

"Kumbe bado iko uwanjani Ntwara, haijaondoka."

Alilisema kwa sauti ya chini, si kwangu. Machozi yalinijia, na nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba hanioni. Nikafanya ninachofanya kila ninaposhindwa, nikaanza kueleza. Nikamwambia maelekezo yanaruhusu namna zote mbili, vifuniko vya magurudumu vimo kwenye sanduku, nikiondoka nayo leo nitayabandua, niyakunje, niirudishe Jumapili ijayo ikiwa inaruka.

Akaivuta kifuani kwa mikono yote miwili.

"Usiiguse, nkwe," akasema. "Iache hapahapa Ntwara."