Kaka zangu walivyogawana vyuma vya baba vya kukatia meno ya bolti

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi na watu wa tumbo moja na mimi. Sijaongeza chumvi, na wengine walioyaona bado wako hai hapa kwetu Kitomanga wanakula ugali.

Kabla hamjaanza kuniita mkuu, mimi ni mwanamke. Ila najua jiliwa, najua tupa, najua bolti ikilia inalilia nini. Nimekulia karakana.

Marehemu baba alikuwa fundi wa shamba la mkonge huku Lindi. Shamba lilipofungwa, watu waliondoka na kila walichoweza kubeba. Baba aliomba kitu kimoja tu, seti ya kukatia meno, nao wakampa.

Kwa wasiojua: kuna tapu na kuna dai.

Tapu inakata meno ndani ya tundu. Dai inakata meno nje, kwenye bolti. Vyote vinazungushwa kwa mkono, na kazi yenyewe inabanwa kwenye jiliwa.

Seti ya baba ilikuwa ya inchi, meno ya kizamani ya Mwingereza. Ilikaa kwenye sanduku la mninga, kila chuma na kitanda chake kilichochongwa. Ukikosea kukirudisha, mzee anajua hata kabla hajafungua macho vizuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Lindi mjini yalijaa vitu ghafla, redio, vitenge, bolti zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Lakini bolti zote zilikuwa za milimita, na mashine zetu huku zilikuwa za inchi. Kwa hiyo watu walikuja kwa baba kutoka Mtama hadi Kilwa.

Nilipenda kumtazama. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma, tone la mafuta ya nazi.

Nilimuuliza kwa nini anarudi nyuma wakati anataka kwenda mbele. Akasema, "Nisiporudi, taka za chuma zitajaa humu, halafu tapu itakatikia ndani. Hapo utakuwa umepoteza vyote viwili."

Kazi ikiisha, hakutumia spana kuijaribu. Bolti ilitakiwa iingie kwa vidole tu.

Basi baba akafariki.

Arobaini ikapita, tukakaa kwenye mirathi. Tulikuwa watatu: kaka Salumu mkubwa, mwenye gereji yake Lindi mjini, mimi wa katikati ninayeishi na mama, na Bakari mdogo wetu, fundi wa matrekta Mtama.

Nyumba haikuleta shida. Minazi haikuleta shida. Shida ikawa sanduku.

Salumu alisema yeye ndiye aliyemsaidia mzee tangu mwanzo. Bakari akasema yeye ndiye fundi wa kweli, mwenzake anaziba pancha tu. Maneno yakatoka ambayo siwezi kuyaandika humu.

Shehe aliyesimamia mirathi akawashauri vizuri kabisa, seti ikae kwa mmoja, naye amfidie mwenziwe. Wakakataa katakata. Kila mmoja aliogopa kupunjwa, kila mmoja alitaka aone fungu lake kwa macho.

Wakuu, wakaigawa.

Salumu akachukua dai zote. Bakari akachukua tapu zote. Eti sawa kwa sawa.

Mimi fungu langu ni nusu ya kaka, na sina ugomvi na hilo. Nikapewa jiliwa, maana lilikuwa zito hakuna aliyetaka kulibeba, pamoja na sanduku tupu.

Mama alikuwa ndani, bado yuko eda. Alisikia kila kitu.

Sasa mama alikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa mali yake mwenyewe, baba alimpa akiwa hai, ndiyo maana haikuguswa. Mama alikuwa na kifua kibaya, jembe hawezi tena. Mashine ile ndiyo iliyomlisha na kumnunulia dawa.

Siku moja nikiwa shamba, bolti moja ya kile chuma kinachobeba beringi ikakatika. Akaitwa fundi wa karibu. Akaja na bolti mpya ya dukani, ya milimita.

Iliingia kidogo, ikakaza. Badala ya kusimama akachomeka bomba kwenye spana, akasukuma kwa nguvu zote.

Niliporudi nikakuta meno ya tundu yameliwa yote na fundi keshaondoka.

Mashine ikanyamaza. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Watu wakaanza kubeba makopa yao ya muhogo kupeleka kusaga mbali, na mama anakohoa barazani anawatazama wakipita.

Dawa ya mashine ilikuwepo, nikaijua. Tundu lipanuliwe, likatwe meno makubwa zaidi kwa tapu, kisha ichongwe bolti ya kuoana nalo kwa dai. Jiliwa ninalo.

Nikaenda Lindi. Salumu akanipokea vizuri, akanipa chai. Nikamweleza.

"Dai zangu hazitoki hapa, Zuhura. Mwambie huyo mwenzio alete tapu, nitamfanyia mama kazi yote bure."

Nikaenda Mtama.

"Dada, mimi niende kwa Salumu? Alivyonitukana mbele ya shehe? Yeye ndiye mkubwa, aje yeye."

Nilirudi nyumbani nalia kwenye basi, sioni haya kusema. Wote wawili walimpenda mama. Hakuna aliyemkatalia. Na mashine imekufa.

Nikamweleza mama. Akasema, "Waambie waje Ijumaa, kila mmoja na vyuma vyake. Waambie nnataka kuongea nao habari ya mirathi yangu."

Nikatuma salamu. Ijumaa ile kaka zangu walifika mapema kuliko nilivyowahi kuwaona, kila mmoja na fungu lake kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Wao kwa wao hawakuamkiana.

Mama akatupeleka kwenye kibanda cha mashine. Akaegemea ukuta, pumzi inamsumbua.

"Nikifa, mashine hii mtaigawaje? Nani atachukua injini, nani atachukua kinu chake?"

Nilidhani watashtuka. Wallahi wakuu, waliitazama. Bakari aliangalia injini. Salumu aliangalia injini.

Mama naye aliwaona. Akasema polepole, "Basi itengenezeni kwanza, ili mpate kitu cha kugombania."

Akaketi juu ya gunia, akageuza uso.

Bakari akafungua kile chuma cha beringi, akakileta kwenye jiliwa langu, nikakibana. Akapanua tundu kwa keekee ya mkono, akaanza na tapu. Nusu mbele, robo nyuma. Mimi nikawa natia mafuta ya nazi.

Kisha zamu ya Salumu. Alikuwa na bolti kuukuu nene, akaipunguza kwa tupa, akaikata meno kwa dai. Mikono yake ilikuwa ya baba kabisa.

Muda wote ule hawakusemezana.

Mwisho Salumu akaishika bolti kwa vidole viwili, akaizungusha kwenye tundu la mdogo wake. Ikaingia. Ikateremka yote, bila spana.

"Kama ya marehemu," akasema.

Bakari akacheka kidogo. Nikasema moyoni, ya Rabi, yameisha.

Hayakuisha. Kila mmoja alifuta vyuma vyake, akavifunga kwenye kitambaa chake, wakaondoka kwa njia mbili tofauti.

Mashine ilisaga. Mama alikula kwayo mpaka Mungu alipomchukua, na ile bolti haikulegea.

Miaka ikaenda. Salumu naye akaugua, akafariki. Wanawe hawakujua zile dai ni kitu gani. Walisafisha gereji, wakaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na fremu za baiskeli.

Siku ya hitima ya arobaini Bakari alikuja kwangu amebeba kitambaa kilekile. Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akapanga tapu zake moja moja kwenye vitanda vyake.

"Dada, nimezirudisha. Za kaka ziko wapi?"

Akaangalia upande wa pili ulio wazi, akaelewa. Mtu mzima yule alilia kwa sauti mpaka wanaume waliokuwa nje wakaingia. Hakuwa analilia chuma.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kabla hujadai fungu lako, uliza kitu chenyewe kikigawanywa kitabaki kufanya kazi gani. Kama hakuna, mwachie ndugu yako, au kaeni nacho pamoja. Mimi wanangu nimeshawaambia nikiwa na akili zangu timamu.

Ruksa kunikosoa, na mwenye yaliyomkuta ayaweke hapa chini, tutasoma.

Na kama kuna mtu yeyote aliwahi kununua dai za inchi kwenye chuma chakavu pande za Lindi, za zamani, nyeusi kwa mafuta, naomba aniandikie. Sanduku bado ninalo, na vitanda vyake viko wazi.