Uso wa Mama Uani kwa Afande

Ua wa rafiki yangu kule Mbale unauona kabla hujashuka kwenye boda. Kuta zake zimejaa vizibo vya soda na vipande vya chupa, na ndani sanamu za simenti zimebanana kama watu wa sokoni: tembo wekundu, wacheza ngoma ya tohara, samaki anayeweza kumeza Ziwa Victoria lote akabaki na njaa. Sanaa hakusomea popote. Alikuwa askari magereza, ndiyo maana namwita afande, nasi tulikaa dawati moja shule ya usiku kule Jinja. Kabla ya masomo tulipitia kwa mama yangu, mtaa wa Mpumudde, akatupakulia mukene, wale dagaa wa Masese. Afande alikula kuliko mimi mwenye mama.

Mama alifariki bila kuacha hata picha moja. Kamera aliiogopa kuliko simba. Ndipo nikampelekea afande sahani zote za mama, zile za maua ya buluu, azivunje amtengenezee sanamu. Akaitengeneza: gauni la vipande vya sahani, uso wa simenti uliopakwa rangi. Nilipoiona nusura niombe radhi: jicho moja dogo kuliko jingine, midomo tayari kunigombeza. Mama mwenyewe! Nami nilikuwa na kisimu kisichopiga picha.

Mwaka huu dada yangu kajifungua binti, kampa jina la mama. "Nenda ukanipigie picha ya bibi yake," akaniambia, "mtoto amjue." Nikaazima simu nzuri, nikaenda nikiimba njia nzima.

Gauni la sahani lilikuwepo. Juu yake alinitazama mwanamke mwingine, mashavu manene, hereni masikioni.

"Afande, huyu nani?"

"Marehemu mama wa mwenyekiti wetu wa mtaa." Alikuwa akifuta brashi kwenye suruali. "Mwenyekiti alitaka kubomoa ua, eti unaziba mfereji. Sasa analeta wageni, anawaambia hii ni sanaa!"

"Tembo wote hawa, ukakosa wa kumpa uso huo?"

"Bwana we, unataka nifungwe?"

"Na mama yangu?"

"Yuko chini ya rangi. Hajaenda mbali."

Nikakwangua shavu kwa ukucha. Rangi ya juu ilitoka pamoja na ya chini, ikabaki simenti.

"Ulikula chakula chake, afande."

"Ndiyo maana nilijua hatakasirika."

Akachukua mkaa, akajaribu kumchora mama yangu kwenye ukuta wa nyumba. Akatoka mama wa mwenyekiti. Akafuta, akachora tena. Mama wa mwenyekiti. Hapo akaacha utani, akanigeuzia ndoo.

"Kaa. Mnafanana. Nitamtoa kwako."

Ningemtukana hadi watu wa Kimaka, kule Jinja, wasikie. Lakini uso mwingine wa mama haukuwepo duniani. Nikakaa. Akachora huku akipiga mluzi, ananitazama kwa macho yale yale aliyokuwa akiitazamia sufuria yetu.

"Tabasamu kidogo, bwana," akasema. "Mama alikuwa mcheshi."

Mimi, ninayecheka hata msibani, nilijaribu. Mdomo ukakataa.